Tiki Moja

Kaka yangu alikuwa fundi wa mawasiliano katika kikosi cha kulinda amani Kongo. Kazi yake ilikuwa kusimamisha dishi na kulielekeza kwenye setilaiti, ili kambi iweze kuzungumza na makao makuu. Alipokuja likizo nilimhoji mpaka akachoka. Dishi ni moja, aliniambia, lakini njia ni mbili: moja ya makamanda, iliyofungwa kwa msimbo wa siri, nyingine ya askari kusalimia nyumbani. Askari akiuawa, ile ya pili inazimwa kambi nzima, na haiwashwi mpaka jamaa zake waambiwe, uvumi usije ukatangulia.

Nilimuuliza nani kawapa haki ya kunyamazisha watu wazima.

"Ukipata mtoto utaelewa, bwana maswali," akacheka.

Sasa alikuwa amerudi Kongo, na njia ile ya pili ilikuwa imezimwa. Redio ilitaja mapigano bila kueleza zaidi, na kila ujumbe wetu ulibaki na tiki moja, haujamfikia. Mama alisema ni mvua. Hapa Kibondo wingu likitanda tu umeme unakatika, sembuse huko porini. Alipanda kilima nyuma ya shamba la mihogo, akainyoosha simu juu, akashuka amelowa chapachapa. Mimi nilijua mvua haihusiki. Elimu gani hii ya chuo kikuu, isiyoweza hata kumfariji mtu mmoja?

Nikamwambia ukweli. Alinisikiliza hadi mwisho, akajifunga kanga, akaenda dukani kwa jirani yetu ambaye mwanawe alikuwa kikosi kilekile, akamsimulia maneno yangu yote. Tangu hapo walishinda pamoja nyuma ya kaunta, simu zao mbili juu ya gunia la mchele, Mama na rozari, mwenzake na tasbihi.

"Tukimwita Mungu huku na huku, atageuka tu," alisema mwenye duka. Hata Mama alicheka.

Asubuhi moja simu ya Mama ikalia. Ujumbe wa kaka: "Nipo. Msiogope."

"Mwana wanje! Mwanangu!" Mama alifungua kinywa apige kigelegele. Nikamshika mkono. Mwenye duka alikuwa akiitazama simu yake. Tiki moja.

"Msomi," akaniita, "si ulisema wanawasha wakishawaambia wenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi sijaambiwa na mtu. Basi wangu mzima. Simu yake tu haina chaji. Au siyo?"

Nimeyahoji mahubiri, siasa, hata maprofesa wangu. Pale sikutaka kuhoji chochote. Lakini nilikuwa namfikiria mumewe. Jana yake alipigiwa simu aende Kasulu, akaondoka bila kueleza, na tangu jioni hapokei.

"Au siyo, mwanangu?"

"Ndivyo," nikasema.

Kwetu mtu aliyebeba habari ya namna ile haachwi aipeleke nyumbani peke yake. Mumewe alitokea upande wa stendi katikati ya wanaume wa msikitini, wawili wamemshika viwiko.

Mama aliwaona. Akaigeuza simu yake kifudifudi juu ya gunia.

Mwenye duka alishaanza kuwapangia viti. "Mbona wamekuja wengi hivi?" alinung'unika, akitoa vikombe vya chai. "Hivi havitatosha."