Vifungo vya Gauni la Spéciose

Spéciose alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Musaga. Gauni lake la harusi lilishonwa na mumewe, Marcellin, fundi cherehani. Mwaka 1996, wakati wa vita, Marcellin aliuawa njiani akielekea Rumonge. Miezi mitatu baadaye Spéciose akalipeleka gauni kwa Mama Annick, dobi wa mjini, lisafishwe na kufungwa vizuri, lidumu miaka mingi.

Dobi alilikagua, akatikisa kichwa.

"Mama, hii vifungo ni ya chuma. Itashika kutu, iharibu nguo. Lazima itoke."

"Ni marehemu mume wangu aliishona," Spéciose akasema.

"Pole sana, mama. Basi, we mwenyewe uitoe."

Akapewa mkasi. Vifungo vilikuwa kumi na viwili, vimekazwa kwa uzi maradufu, maana Marcellin hakupenda kifungo kilegee. Siku ya maziko ya mumewe Spéciose hakupata nafasi ya kulia. Milio ya risasi iliwatawanya watu kabla ya sala kwisha. Sasa uzi wa kwanza ulipokatika, akaangua kilio.

Mama Annick alifunga mlango wa duka, akaketi kando yake, akamshikia gauni mpaka kifungo cha mwisho kilipotoka.