Samaki Aliyemkutanisha Ambindwile na Mkwe Wake

Zamani mke wa mwana akisikia kikohozi cha baba mkwe aliacha njia akaingia migombani. Siku hizi wanagombania rimoti ya televisheni kwenye kochi moja. Wapo wanaoilaumu shule, wapo wanaolaumu mitumba. Mimi namlaumu samaki.

Jirani yangu hapa Kisondela, Ambindwile, alikuwa wa mwisho kuushika mwiko huo sawasawa. Tangu mwanawe Simon amwoe Ikupa, hakuwahi kuuona uso wa mkwe wake. Chakula kilipita mikononi mwa Simon, na maneno vilevile. Sisi wazee tulioketi benchi moja nje ya kanisa tulimheshimu kwa hilo, naye aliapa mbele yetu: "Siku nitakayotazamana na mkwe wangu, benchi hili nalihama."

Kisha mvua za mwaka ule zikabomoa choo chake kimoja, kikabaki cha pili. Wakapatana, kupitia Simon, kwamba Ikupa akiwa ndani aimbe, na mzee akikaribia akohoe. Mpango huo ulikwenda vizuri hadi enzi za ruksa zilipotuletea jokofu.

Jokofu lilikuwa la Jaffari, mwenye duka mtaa wa Bagamoyo, hapo Tukuyu mjini. Kabla ya hapo tulikula usipa na mbasa kutoka ziwani, samaki tunaowajua kwa majina na tabia. Sasa biashara ni huria, Jaffari akafunua mfuniko, akatoa dude refu jeusi lenye macho kama vifuniko vya chupa.

"Nguru mweusi huyu," alisema. "Katoka Msasani."

"Msasani ipi?" akauliza Ambindwile. "Nimepita Msasani yetu ya Tukuyu sasa hivi. Hakuna hata dimbwi."

"Msasani ya Dar es Salaam, mzee wangu."

"Kumbe na wao wanayo!" Ambindwile akaipapasa ngozi, akarudisha kidole haraka kukitazama kama kinatoka damu. "Kweli wa Msasani. Msasa mtupu."

Hakuwa nguru. Nilikuja kusoma baadaye kwamba ni samaki wa mafuta, mkazi wa bahari kuu, anayepatikana katika bahari zote za joto duniani lakini haonekani kwa wingi popote. Hukaa gizani, mamia ya mita chini, peke yake au wawili wawili, akiwinda ngisi. Mwili wake umejaa mafuta ya namna ya nta, ambayo humsaidia kuelea bila kuhangaika. Tumbo la binadamu haliwezi kuyasaga. Huyaacha yapite, nayo hupita bila kubisha hodi.

Jaffari naye hakujua hayo. Alikula kichwa kizima, na duka halikufunguliwa Jumatatu.

Jumamosi ile Ikupa aliweka vipande alivyonunua mzee kwenye kikaango kikavu, vikajikaanga vyenyewe. Nyumba nzima ikashangilia, maana mafuta ya kupikia yalikuwa ghali. Mzee, aliyekula chumba cha mbele peke yake kama desturi, alirudisha sahani tena na tena. "Simon! Mwambie mkeo hiki ndicho kitoweo. Aongeze."

Asubuhi nikampitia twende kanisani. Nilimkuta amesimama nyuma ya mgomba, amevaa suruali mpya ya mtumba ya rangi ya maziwa, miguu ameibana kama anayefinya limau kwa magoti. Chooni Ikupa alikuwa anaimba.

Mzee akakohoa. Ikupa akapandisha sauti.

"Simon!" mzee akaita. "Mwambie mkeo afupishe."

Simon, aliyekuwa amechuchumaa kwenye migomba kwa shida zake mwenyewe, akampazia mkewe sauti: "Mama Tulia! Baba anaomba ubeti wa mwisho!"

"Mwambie baba ndiyo kwanza nipo kwenye kiitikio!"

"Anasema yupo kwenye..."

"Nimesikia! Mwambie nami nina kiitikio changu!"

Akakohoa tena, na kikohozi hicho ndicho kilichomponza. Nyuma ya suruali ya maziwa likachomoza doa la rangi ya mawese. Ambindwile akaacha mgomba, akaacha mila, akatimua mbio. Wakati huohuo Ikupa, kwa huruma, alikuwa ameukatisha wimbo na kutoka mkuku. Walikutana mlangoni, uso kwa uso, pua kwa pua.

Ikupa akapiga magoti. "Shikamoo, baba."

Neno la kwanza la Ambindwile kwa mkwe wake lilikuwa: "Marahaba, pisha!"

Jumapili iliyofuata benchini palikuwa na nafasi tupu. Alitimiza kiapo chake, hilo simnyimi. Lakini choo kilichobomoka hakikujengwa tena, na kila nilipopita nilisikia vicheko ambavyo mababu zetu wangevitolea ng'ombe wa kuomba msamaha.

Mara ya mwisho nilipowaona, walikuwa wameketi kizingiti kimoja, wanamenya ndizi kwenye beseni moja, mzee akimwambia Ikupa kwamba anamenya kama anayechonga mwiko. Nilisimama njiani, nikakohoa kile kikohozi cha zamani, kizito, ili angalau mmoja wao akumbuke kukimbia.

Ikupa akainua uso. "Ndaga, baba," alinisalimu kwa lugha yetu. "Kifua tena?"