Usingizi wa Chisense

Baba yangu alijua kulala huku anatembea. Najua mutasema muzee ameanza uongo wake, lakini mimi nilikuwa nyuma yake na niliona. Ilikuwa upande ule mwingine, Congo, mbele ya vita kuanza. Alikuwa anasukuma kinga yake, ile baiskeli nzito ya zamani, yenye magunia ya muhogo, siku mbili mpaka Pweto. Mukono mumoja kwenye usukani, mukono wa pili kwenye fimbo iliyofungwa nyuma ya kiti, macho yamefungwa, na miguu inaendelea yenyewe. Mimi nilikuwa nimeshaanza kunyoa ndevu. Kazi yangu ilikuwa kusema. Kukiwa jiwe nasema "jiwe", kukiwa mbuzi nasema "mbuzi", naye anapinda bila kufungua macho. Siku moja nilisema "jiwe" bure, kwa kumuchezea. Alipinda vizuri kabisa akaingia na kinga yote ndani ya shamba la katekista. Wakati alipotoka mule, majani kwenye kofia, hakunipiga. Aliniuliza tu: "Lilikuwa jiwe kubwa?"

Mimi mwenyewe shule niliacha mwaka wa pili, juu mwalimu alisema nalala sana. Sisi ni jamaa ya walala. Ninaandika hii yote ili mujue kwamba nyumbani kwetu usingizi haukuwa ugonjwa, ulikuwa ufundi. Mutu akilala mahali pabaya, tunamusifu. Kosa lilikuwa linatungojea pale.

Sasa niko hapa Nchelenge, ng'ambo hii ya ziwa. Tulivuka na muke wangu wakati wa vita, tukakaa kwanza kule kambi ya wakimbizi, tukalima, halafu tukashuka huku kando ya ziwa juu muke wangu alisema hawezi kufa bila kusikia harufu ya samaki. Yeye ni mwanamuke wa namna hiyo. Anachukua chisense za wachuuzi, anazikausha, anapewa sehemu yake. Kama haujui chisense, ni samaki wadogo kama kidole cha mutoto. Wavuvi wanawavua usiku na taa, wanarudi asubuhi, na wanawake wanawamwaga juu ya muchanga. Jua likiwa kali, siku moja inatosha.

Na kwa sababu wavuvi hawalali usiku, muchana utawakuta wameanguka popote: kwenye nyavu, kwenye benchi la kanisa, mumoja nilimuona amelala na sahani ya ubwali magotini, kidole kingali ndani ya muchuzi. Hapa watu wanaita ile usingizi wa chisense. Ni neno la kuchekesha. Mutu akisinzia, hata akiwa mwalimu, hata akiwa mutu wa ofisi ya serikali, watasema: muache, ni usingizi wa chisense. Neno likishakuwa la kuchekesha, hakuna tena mutu anayetazama nini iko chini yake.

Kati ya wachuuzi waliotuletea samaki kulikuwa mumoja, mutu wa kule kwetu, mufupi, mwenye sauti ndogo. Ningependa kumusifu polepole, lakini sijui kusifu polepole. Alikuwa mutu safi. Magunia yake alifunga na fundo moja ambalo sijaona kwa mutu mwingine, unalivuta kwa kidole linafunguka, unalivuta kwa nguvu linakaza. Akifika kwako hapiti mulango bila kuita "hodi" mara tatu, na kama haujaitika anasimama hata kwenye mvua. Wachuuzi wengine wanaingia mpaka kwenye chungu. Yeye hapana. Muke wangu alikuwa ananiambia, "Umuangalie yule, ujifunze adabu uzeeni."

Bon, haya. Mwaka ule mvua ilikataa kuacha. Ilinyesha wiki, ikanyesha wiki. Chisense zikaanza kunuka. Ukizikausha na moshi wa kuni zinakuwa nyeusi, na wanunuzi wa Lubumbashi hawataki nyeusi, wanataka zile zinazong'aa. Ndiyo wanawake wakapata akili: ingiza samaki ndani ya nyumba, panga juu ya vitanda vya fito, weka chini mbabula mbili, yale majiko ya makaa, funga mulango. Makaa hayana moshi. Kuni zinakufukuza na kukuliza, lakini makaa yana adabu, yanakaa kimya kama mugeni mwema. Tulifikiri hivyo.

Na nyumba yetu ilikuwa imefungwa kuliko zote. Nilipata plastiki kubwa, nikaifunika juu ya nyasi zote mpaka chini, na dirisha nikaliziba na udongo. Nilijivuna sana. Niliwaita majirani waje kuona kwamba hata upepo haupiti.

Muke wangu alilala mule ndani na samaki, ili moto usigeuke vibaya. Mimi nililala chumba cha upande, na pazia tu katikati. Siku ya kwanza aliamka na kichwa kinauma. Akaenda sokoni, kikapona. Siku ya pili kichwa tena, na alitapika kidogo. Akaenda kuteka maji, akapona. Nikamuambia ni uzee. Akanijibu, "Uzee gani unaopona ukienda sokoni?" Tukacheka. Mutu alikuwa ameshaniambia jibu, nami nikacheka.

Siku ya tatu tulichelewa kuamka. Mimi nilitaka kutoka kukojoa, na dunia ikazunguka, nikashika ukuta, nikarudi kukaa. Nilisema moyoni, nitakaa kidogo. Sijui nilikaa muda gani. Nilikuwa nasikia vizuri tu, namna unasikia vizuri ukiwa umekunywa. Muke wangu alikuwa amelala kati ya vitanda vya samaki, kinywa wazi, na nikamuonea fahari, nikasema huyu naye sasa ni wa jamaa yetu.

Jirani yetu, mama wa Kibemba anayeuza vitumbuwa, alisukuma mulango na kuchungulia.

"Ba shikulu! Babu, mpaka saa hii? Na bibi pia?"

"Ni usingizi wa chisense," nikasema.

Akacheka sana yule mama. "Leo nyumba nzima ni wavuvi!" Akaniachia vitumbuwa viwili na kufunga mulango vizuri, ili mvua isiingie. Alifanya kwa wema.

Kisha nikasikia hodi. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilitaka kuitika, na sauti ilitoka ndogo, haikufika mulangoni. Ilipaswa asimame pale kwenye mvua, kama kawaida yake. Lakini siku ile, yule mutu wa adabu alifungua mulango bila kuitikiwa na akaingia na viatu vya matope. Nikakasirika. Kweli kabisa, nilikuwa karibu kufa na nikakasirikia viatu.

Alisimama. Akatazama mbabula. Akatazama muke wangu. Akatazama ile plastiki yangu ya kujivunia.

"Papa, mama iko na nini?"

"Analala tu. Usingizi wa chisense."

"Mama anaendaka kuvua?"

"Hapana."

Akaonyesha pembeni, pale kuku wetu wanapolala. Jike mumoja alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka.

"Na kuku naye alienda kuvua?"

Naye hakungojea jibu. Alipiga teke lile dirisha langu la udongo, mara moja, mara mbili, likaanguka inje. Akavuta vitanda vya fito vilivyomuzuia njia, na chisense zote zikamwagika mulangoni, zikachanganyika na matope na mvua. Zilikuwa samaki wake mwenyewe. Alizikanyaga. Akamushika muke wangu chini ya makwapa akamukokota mpaka inje, kwenye maji, kisha akarudi kunivuta mimi kwa mukono. Nitasema ukweli, juu nimeshazeeka na uongo unachokesha: niliwalilia samaki mbele ya kumulilia muke wangu. Nilisema, "Samaki wa watu! Samaki wa watu!"

Majirani walikusanyika. Yeye alikuwa amepiga magoti kwenye matope, anamupiga muke wangu mashavuni kidogo kidogo.

"Mama! Mama, jina yako nani?"

Muke wangu alifungua macho. Akataja jina la dada yake, aliyekufa zamani.

"Ah, ameamka," akasema mama wa vitumbuwa. "Tumupe chai ya sukari."

"Chai hapana, mama. Kuamka nusu si kuamka." Akamupa muke wangu vidole viwili. "Kamata. Kaza." Mukono wake ulianguka. "Sasa hivi lupitalo." Hospitali, alitaka kusema.

Mutu mumoja akasema tungojee mvua ipungue. Mwingine akasema tumuombee kwanza.

"Muombe tukiwa njiani," yule mutu akasema. "Mungu anasikiaka hata mu gari."

Gari lililopita lilikuwa la barafu, linapeleka kwa wavuvi. Alisimama katikati ya njia. Dereva akatoa kichwa.

"Weye, unataka kufa? Mi nabeba barafu, si wagonjwa!"

"Bon. Leo unabeba vyote."

Wakamupandisha muke wangu, wakamufunika na gunia. Mimi nikabaki chini. Nikasema niko muzima, nitafuata na miguu, sharti nikusanye samaki.

Hakubishana. Aliniuliza tu: "Papa, leo ni siku gani?"

"Siku ya soko."

"Sikiliza."

Nikasikiliza. Kanisa liko hatua chache tu kutoka kwetu, na ngoma zilikuwa zinapigwa, na watu wote walikuwa wanaimba. Ilikuwa siku ya Mungu. Walikuwa wanaimba tangu asubuhi na sikuwa nimewasikia. Hapo ndipo woga ukanikamata, nikapanda mwenyewe juu ya barafu.

Njiani aliniuliza mambo, na kule hospitali akamueleza muuguzi yote kwa maneno machache sana: makaa, nyumba imefungwa, siku tatu kichwa kinapona inje na kurudi ndani, wawili pamoja, kuku amekufa, hana homa, hajui jina lake. Mimi kama ningepewa kueleza, ningeanza na baba yangu na kinga. Muuguzi alimutazama.

"Ulisomea wapi?"

"Kule," akasema, na kuonyesha ziwa kwa kidevu.

Wakamuvalisha muke wangu kikombe cha plastiki puani na kinywani, na hewa inatoka katika chupa kubwa ya chuma. Mimi pia wakanipa, lakini kidogo. Walituambia kwamba kama tungengojea mvua ipungue, hatungekuwa wawili.

Tukakaa kwenye benchi, mimi na yule mutu. Nguo zake zilikuwa zinatiririka. Nikamuita munganga, akakataa. Akasema kule alikuwa infirmier, yaani muuguzi, wa kijiji kimoja miaka mingi, lakini karatasi zake zilibaki ndani ya moto, na hapa mutu bila karatasi anauza samaki. Hakulalamika. Alisema namna unavyosema leo kuna upepo.

Nikamuuliza alijuaje haraka vile, wakati sisi wote tuliona mutu anayelala tu.

"Kama ni usingizi, ukiita jina mutu anaamka, anakutukana, umuache alale," akasema. "Ukiita jina, anakujibu lingine, ao hakujibu, ile si usingizi, usingojee. Na watu wawili wa nyumba moja, malali, ile ugonjwa, haiingiaka pamoja sawa watu wa kanisa. Kama wote wanazunguka kichwa, uliza nyumba." Akakamua mukono wa shati. "Mi nilingojeaka mara moja. Kwetu. Nilisema mama yangu alale kwanza, nitamuangalia asubuhi."

Nikangojea amalize. Akasema tu, "Bon."

Nimejua watu wengi wenye nguvu. Nimeona mutu anabeba mutumbwi peke yake. Lakini mutu aliyekosea mara moja na kosa likamufundisha mikono, bila kumuvunja mikono, yule niliona mumoja tu.

Saa ya chakula ilipokwisha, muuguzi alituita. Muke wangu alikuwa anaketi. Kile kikombe amekisukuma juu ya paji la uso kama kofia. Alinitazama mimi, akasema jina langu, langu kabisa, na ukali wake wote ndani. Kisha akamuona mutu wa samaki, na aibu ikamushika.

"Mwanangu, chisense zako ziko wapi?"

Yule mutu akacheka. Nilikuwa nimemujua miezi mingi na sikuwa nimeona meno yake.

"Ziko zinaogelea, mama."

Muke wangu naye akacheka mpaka akakohoa, na muuguzi akamurudishia kikombe puani kwa hasira. Nilipogeuka kumushukuru, na nilikuwa nimeanza kutengeneza maneno mazuri, alikuwa ameshafika mulangoni. Nikamufuata mpaka kwenye veranda. Mvua ilikuwa inanyesha bado. Alikuwa anashuka njia inayoenda bandarini, viatu mukononi, hana haraka. Nikaita, namna unavyomuita baba, "Tata! Ngojea kwanza!" Akanyoosha mukono juu bila kugeuka. Akapita nyuma ya duka la sementi, na mpaka leo hajarudi.