Makaburi ya Wayahudi Nakuru: nilifagia mawe, tukakaribia kupoteza ploti

Wakuu, niaje. Leo naanika kosa langu mwenyewe, na sitatia chumvi. Mkitaka kunitukana, ngojeni nimalize.

Hapa Nakuru kuna makaburi ya Wayahudi. Wengi mnapita nje ya huo ukuta mkidhani ni ploti ya mtu ameshindwa kujenga.

Zamani Wayahudi walikuwa na maduka mjini, mashamba huku nje, na nyumba yao ya ibada. Wazee wakafa, watoto wakahamia Nairobi, Uingereza, Israeli. Huku hakubaki mtu wao.

Akabaki babangu. Alikuwa fundi wa reli, Mluhya wa kanisa kila Jumapili. Myahudi wa mwisho mtaani, mzee mmoja wa hardware, alimwachia ufunguo wa geti akamwomba kitu kimoja tu: nyasi zisifunike majina.

Babangu alikata hizo nyasi mpaka akafa. Wenzangu wamerithi mashamba, mimi nikarithi ufunguo.

Mwaka huu mvua ilipoanza niliingia na panga mwenyewe, mara ya kwanza. Juu ya makaburi kulikuwa na vijiwe, huku vitatu, kule kumi. Nikajua ni watoto wa mtaa wamechezea hapo.

Kwetu kaburi linasafishwa, unaweka maua, basi. Nikavifagia vyote, nikajaza wheelbarrow, nikavimwaga kwa matope ya getini pale gari hukwama. Hata nilipiga selfie.

Wiki hiyo hiyo akakuja mwanaume wa suti na surveyor, wakaanza kupiga vigingi. Akasema ploti imetelekezwa, ana makaratasi, itakuwa car wash.

Nikabishana naye vizuri sana mpaka akaniuliza, "Boss, nionyeshe alama ya mtu mmoja amekuja kuona hawa watu."

Nikaangalia makaburi. Yalikuwa safi kabisa.

Nikaenda Kiamunyi kwa mathe, mamangu mzazi, nikamweleza yote. Hakujali habari ya suti. Aliuliza tu mawe nimeyapeleka wapi.

Ndio nikajua. Wayahudi wakitembelea kaburi hawaleti maua, wanaweka jiwe. Wajukuu walikuwa wanakuja miaka hii yote, na mathe ndiye alikuwa anawafungulia kwa ufunguo wake nikiwa job. Kila jiwe lilikuwa mtu aliyefika.

Yaani jamaa alitaka ushahidi, na ushahidi nilikuwa nimeufagia mimi, kwa mikono yangu. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka.

Kesho yake tulichimba yale matope, mimi na jembe, mathe na beseni ya kuosha. Aliyakumbuka kadhaa. Jeupe, laini, lililetwa na dada mmoja kutoka kwa bahari ya kwao. Mengine tulirudisha kwa kukisia, na wenyewe watatusamehe.

Nikapiga picha kaburi kwa kaburi. Mathe alikuwa bado na namba ya huyo dada, nikamtumia. Siku hiyo hiyo akatafuta wakili Nairobi.

Wa suti aliporudi alikuta mathe amekaa kwa stool katikati ya geti. Akamwongelesha kwa heshima. "Mathe, hawa hata si watu wenu."

Mathe hakusimama. "Mamangu alizikwa Kabazi, kwa shamba ya mtu tulikuwa tunamfanyia kazi. Ikauzwa. Saa hii wanapanda viazi juu yake, na mimi sijui pa kusimama nikitaka kumlilia. Hapa hutapanda kitu."

Jamaa akaangalia viatu vyake. Mimi nikang'oa vigingi akiona, kimoja baada ya kingine, nikamwekea kwa buti ya gari.

Wakuu, kesi iko kortini na haijaisha. Sijui itaenda aje. Lakini ukutani nimeandika kwa rangi nyekundu PLOTI HII HAIUZWI, na kila wakifuta naandika tena.

Nilichojifunza: kabla hujasafisha kwa mtu, uliza.

Pale kona kuna kaburi moja jina limefutika kabisa. Mathe ameweka jiwe hapo, la mamake.

Wenye mmeacha wenu kwa mashamba ya watu, tupieni stori hapo chini. Na mlio Nakuru, kujeni na jiwe, dogo tu. Msikuje Jumamosi, hiyo ni siku yao.

Na wewe wa suti, kama unasoma huu uzi, geti nafungua mimi. Kuja uhesabu mawe.