Mwalimu Aliyetulaza Kitandani Kwanza

Wewe unayesoma safu hii nakuhesabu kama mtu wa nyumbani kwangu, mtu ambaye naweza kumwambia jambo kabla hajakaa chini, kwa hiyo sitakuzungusha. Mama aliyekuwa akitufundisha kazi katika nyumba ya wazee hapa Koboko amefariki. Presha ilimchukua alfajiri ya Jumapili, na kabla ya alaasiri alikuwa ameshazikwa, kama ilivyo kwa Waislamu. Mimi nilikuwa Manibe kwa mama yangu, tunapanda karanga, na habari ikanikuta natoka misa. Nilifika makaburini watu wameshasawazisha udongo. Nikasimama pembeni na rozari yangu mfukoni, nikamwombea kwa njia ninayoijua, na hakuna aliyeniuliza nafanya nini. Siku ya nne ikaja barua kutoka ofisi yetu kubwa, ile iliyoko Arua Hill. Mistari miwili ya kutupa pole, halafu mstari wa tatu: kuanzia sasa mafunzo yatatolewa na wataalamu wa kutoka nje, na sisi watunzaji tuache kufundishana. Barua hiyo naijibu hapa, mbele yako, kwa sababu aliyestahili kuijibu amelala. Angekuwa hai ingekuwa imeshajibiwa.

Sitasema tulikuwa marafiki. Nilimwogopa kwanza, kisha nikamheshimu, na urafiki haukupata nafasi katikati. Siku nilipoanza kazi nilikuja na cheti changu cha shule ya jioni kwenye bahasha, cheti nilichokitafuta kwa miaka huku nina watoto watano na mgongo unauma. Yeye aliishia darasa la tano. Hakuitazama bahasha. Alitazama miguu yangu. "Viatu hii iko ya arusi," akasema. "Umekuja kazi ama umekuja kuolewa? Vua. Lala kitanda ile." Nikadhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni, nikalala nacheka. Akachukua kitambaa akaufunga mkono wangu wa kulia ubavuni, akaniambia kuanzia sasa sina mkono na sina sauti, akaweka kikombe cha maji dirishani mahali ninapokiona, akaondoka. Nililala pale mpaka jua likahama ukutani. Watunzaji waliingia na kutoka, wakaongea juu ya kichwa changu habari za bei ya nyanya. Nzi akakaa mdomoni. Mmoja akaja akanitia kijiko cha uji akiwa amesimama, bila neno, uji ukashuka shingoni. Msomaji wangu, mimi ni mama mtu mzima, na nililia. Ndipo yeye mwenyewe akaja, akavuta kigoda, akakaa mpaka macho yake yakawa sawa na macho yangu. "Sasa sema. Ulikuwa nataka nini?" Nikamwambia maji. "Nani alikuuliza?" Hakuna. "Basi somo imekwisha. Kesho utagusa mutu."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake. Kila mtunzaji mpya alilala kwanza, mwenye diploma na asiye nayo. Lakini barua hii si ya kwanza. Ofisi iliwahi kumwondoa mara moja akiwa hai, ikasema hana karatasi ya kufundishia, ikampeleka kufua mashuka. Sisi tukapelekwa semina katika hoteli mjini Arua. Sidharau elimu, nimelila vumbi lake usiku na mchana. Na mtaalamu aliyetufundisha alikuwa mtu mwema, anajua anachosema. Tulikunywa soda, tukabandika makaratasi ukutani, tukapewa vyeti vyenye utepe. Kisha tukarudi Koboko, kwa Afande.

Afande ndivyo tunavyomwita mzee mmoja, askari, mwana wa askari, ambaye baada ya jeshi alikuwa wakala wa mizigo pale mpakani Oraba. Kiharusi kilimuua upande wa kulia. Semina ilitufundisha kwamba mgonjwa kama huyo apewe kijiko katika mkono wenye nguvu, ajilishe mwenyewe, apate heshima yake. Ni kweli, na kwingine pengine imesaidia wengi. Tukampa kijiko katika mkono wa kushoto. Akafunga mdomo. Siku ya pili akafunga mdomo. Siku ya tatu akageukia ukuta, na kwenye fomu tukaandika: anakataa chakula. Mwenzetu mmoja akasema mzee amechoka na dunia, tumwache. Mimi ndiye niliyekishika kijiko kile nambembeleza, "Afande, kula kidogo tu." Mimi, niliyezaliwa na kukua katikati ya Waislamu, ambaye hata mwanangu wa miaka miwili nikimwona anakula kwa kushoto nampiga kofi la mkononi. Na nusu ya wenzangu pale ni Waislamu wenyewe. Wote tulijua, na wote tuliacha tunalolijua mlangoni kwa sababu karatasi ilikuwa na muhuri.

Akaingia yule mama na beseni lake, anakusanya mashuka. Akasimama. Akaangalia sahani, akaangalia kijiko, akaniangalia mimi. "Huyu mzee iko na njaa ama iko na aibu?" Akaweka beseni chini, akaleta birika, akaushika ule mkono wa kulia uliokufa, akaumwagia maji, akauosha kidole kwa kidole, akaukausha kwa ncha ya gurbaba yake, kile kitambaa alichojifunga kiunoni. Akakunja vidole vya mzee juu ya kijiko, akavifunika kwa vidole vyake, akasema Bismillah, wakanyanyua pamoja. Afande akafungua mdomo. Alimaliza ugali wote wa posho na mchuzi. Halafu kwa ule ulimi mzito akasema, "Hawa watu walitaka nikule kama shetani." Yule mama akajifuta mikono. "Uwasamehe, Afande. Hawa iko na cheti."

Tulicheka wote, hata mimi niliyechomwa. Lakini yeye hakuishia kwenye kicheko. Wiki ile ile alipanda gari kwenda Arua Hill, na mimi nikamsindikiza, kwa sababu nilikuwa na deni la njaa ya siku tatu ya yule mzee. Ofisa akamkaribisha vizuri akamuuliza, "Mama, masomo yako yaliishia wapi?" Akajibu, "Darasa ya tano." Ofisa akatabasamu. "Sasa utawafundishaje wenye diploma?" Akasema hivi, na nililishika neno kwa neno: "Mimi nilisoma kwa mugongo ya wazee. Kuja Koboko, ugeuze mutu moja moja. Ukipata kidonda ya kulala, hata kidogo kama mbegu ya simsim, mimi nitafua mpaka nikufe." Ofisa alikuja. Kwa haki ya Mungu lazima niseme alikuja, akavaa glovu, akawageuza wazee wote kwa mikono yake. Kidonda hakuna. Akamrudisha kufundisha. Yeye hakushukuru. Alisema tu shuka za kitanda cha tatu bado mbichi.

Kitu alichokiogopa ni kubaki mwalimu peke yake. "Mwalimu moja akikufa, nyumba nayo inakufa?" alikuwa anatuuliza. Kwa hiyo aliyemaliza mwaka alifundisha anayeingia, na yeye alikaa nje ya mlango, ametugeuzia mgongo, anamenya karanga na kusikiliza. Ukikosea, sauti ya karanga inakatika. Hakukuaibisha mbele ya mwanafunzi wako, alingoja mtoke. Zamu yangu ya kwanza niliingia na daftari, mwandiko mzuri wa shule ya jioni, nikaanza kusoma. Karanga zikanyamaza. Nilipotoka akalichukua daftari akalitia chini ya godoro. "Mugonjwa hawezi kusoma hii. Mikono yako inasema nini?" Alinikataa mara tatu kabla ya kuniita mwalimu. Mara ya nne karanga hazikukatika, na hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata kwake.

Zamani mzee aliangaliwa na wanawe, na mtoto alijifunza kwa kumwona mama yake anavyomnyanyua bibi. Leo watoto wako Kampala, wako Juba, na mzee anageuzwa na mkono wa mtu asiyemjua. Mimi siwalaumu wanaokwenda, maisha yanawasukuma. Ila mkono wa mgeni lazima ufundishwe na mtu anayemjua mzee huyu: anaona aibu kwa nini, anasali saa ngapi, alimzika mtoto yupi. Ujuzi huo hauko hotelini. Uko kwa mama anayefua mashuka, na ukimnyamazisha unaufukia ukiwa hai.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami nasema hivyo hivyo kwa wataalamu. Waje. Watufundishe dawa, watufundishe kulinda migongo yetu wakati wa kunyanyua, tutawapikia na tutawasikiliza. Lakini kitanda cha chumba cha mwisho kimetandikwa. Yeyote anayetaka kufundisha katika nyumba hii atalala kwanza, mkono wa kulia umefungwa, kikombe kiko dirishani. Jumatatu wanaanza wasichana watatu wapya, nami nitawalaza na nitawafundisha, ingawa barua iko mezani. Wakitaka kunipeleka kufua, naijua njia. Beseni humfikisha mtu kwenye kila kitanda.

Jana mchana Afande aliniuliza yule mama yuko wapi. Nikakaa sawa na macho yake, nikamwambia. Sahani ikapoa. Kisha akaushusha uso akautazama mkono wake wa kulia, akautazama tu, mpaka nikaelewa. Nikaleta birika, nikauosha, nikavifunika vidole vyake juu ya kijiko kwa vidole vyangu. Bismillah aliisema mwenyewe, na mimi nikafanya ishara ya msalaba kwa mkono uliobaki, tukanyanyua.

Kwa hiyo nakuomba, wewe mtu wangu. Habari hii usiifunge pamoja na gazeti. Mpe anayemlisha mama yako, mpe msichana aliyeajiriwa jana kumwangalia mzee wa jirani, msimulie kwa mdomo kama hasomi. Na usiishie kumsimulia. Mwambie alale kwanza.