Kalenda ya Mama Swichi

Jina la Mama Swichi hakulipata kwa wazazi wake. Alipewa na walimu wa shule ya sekondari aliyokuwa akifagia, kwa utani, naye akalipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyepandishwa cheo. Kusema kweli ndicho cheo pekee alichowahi kukipata pale kwa miaka kumi na mmoja. Kwenye karatasi alikuwa kibarua: kudeki, kuchemsha chai ya walimu, na kuosha vikombe ambavyo kila mwalimu aliamini vinajiosha vyenyewe.

Swichi yenyewe ilikuwa ya kompyuta ya ofisi, sanduku la rangi ya majivu lililokaa chini ya meza ya karani na kugoma linapojisikia. Leo unabonyeza, linawaka. Kesho unabonyeza, feni inazunguka kidogo, taa ya kijani inakonyeza, halafu kimya. Karani, binti aliyeisomea kazi hiyo miaka miwili chuoni, alikuwa na dawa moja tu, kulizaba kofi. Likizidi kugoma alikunja mikono na kuwaambia watu mtandao unasumbua.

Mama Swichi aliishia darasa la saba, ila alikuwa na kiburi cha kutokubali kushindwa na kitu kisicho na mdomo. Alianza na soketi. Alichomeka birika la umeme pale pale, maji yakachemka, soketi akaiachia huru. Akaazima waya wa mashine ya fotokopi, mambo yakawa yale yale. Ndipo alipochukua kalenda kuukuu, akaigeuza nyuma, akaitundika stoo, na kila asubuhi akawa anatia alama: duara kompyuta ikiwaka, mkasi, ile alama ya X ya kukosa, ikigoma, na pembeni neno moja, baridi au joto. Muhula ulipokwisha kalenda ilikuwa imeshasema. Jumatatu hugoma, Ijumaa huwaka. Asubuhi ya baridi hugoma, mchana huwaka. Na siku ambazo mlinzi alisahau kuzima swichi ya ukutani jioni, kama mkuu wa shule alivyoagiza ili kubana matumizi ya umeme, asubuhi yake iliwaka kwa mbonyezo wa kwanza.

Basi akaelewa kwamba mashine ile ilitaka ionje umeme kwanza, ipashe moto tumbo, ndipo ibonyezwe. Tangu hapo alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akawasha swichi ya ukutani, akafagia ofisi, akafuta meza. Akimaliza, dakika kumi zimepita. Akibonyeza, inawaka. Miezi minane mfululizo iliwaka, naye hakumwambia mtu siri yake.

"Mama, unaifanyaje?" karani alimuuliza.

"Inanijua, mwanangu."

Mwaka huo shule ikapata nafasi moja ya kumwajiri kibarua kwa ajira ya kudumu. Mkuu wa shule alisimama mbele ya walimu wote akasema, "Huyu mama ndiye anayeiwasha ofisi. Jina lake ndilo litakalokwenda." Umri wake ulikuwa umebakiza mwaka mmoja kufikia kikomo cha kuajiriwa. Hii ikimpita, asingepata nyingine mpaka anaingia kaburini. Dada yake, waliyekuwa wakiishi pamoja, alimkalisha chini jioni ile ile.

"Usije ukamfundisha mtu," alimwambia. "Siku watakapojua kuwasha, wewe ndiyo utazimwa."

Mama Swichi alicheka mpaka akashika mbavu. Kheri angelia.

Jumatatu moja aliumwa, akabaki nyumbani. Kompyuta ikagoma, wageni wa mkuu wako ofisini, aibu tupu. Mkuu akamwita fundi, yule yule aliyekuja mwaka uliotangulia kubadilisha boksi la umeme la ndani. Fundi akaja kesho yake mchana, jua linawaka, na kompyuta ikamwakia kila alipobonyeza, kama mtoto anayeacha kukohoa akifikishwa kwa daktari. Alifungua, akapuliza vumbi, akakuna kichwa. Kisha akamfuata Mama Swichi, aliyekwisha rudi kazini, kule stoo, akavuta kigoda.

"Mama yangu, nasikia mtaalamu wa hii mashine ni wewe. Hebu nifundishe."

Nifundishe! Miaka kumi na mmoja alikuwa akiambiwa leta, toa, futa. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu hakutia maji, aligawa tembo pamoja na kibuyu chake. Alimweleza kuhusu birika, waya, baridi, swichi ya ukutani na zile dakika kumi. Akaishusha kalenda, akaipangusa kwa upande wa kanga, akampa. Na kwa moyo mweupe kabisa akaongeza:

"Halafu fundi, hii tabia ilianza wiki ile ile uliyobadilisha boksi. Hebu liangalie, labda lina neno."

Fundi hakuwa na haja ya kuliangalia. Alijua vizuri kwamba boksi aliloliita jipya lilikuwa limezeekea kwenye mashine ya watu wengine. Tabasamu likamkauka.

"Asante sana, mama. Ngoja niende nayo hii kalenda nikaisome vizuri."

Siku ya tatu Mama Swichi aliitwa ofisini. Mkuu alikuwa na ripoti mkononi, akamsomea: "Chanzo cha hitilafu ni kifaa kubonyezwa ovyo na mtu asiyehusika. Ushahidi umeambatishwa." Na kalenda yake ilikuwa pale, imebanwa kwa pini kwenye kona.

"Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu, mkuu."

"Na hii mikasi?"

"Ni siku ilizogoma."

"Thelathini na moja! Umeichokoa mashine ya serikali mara thelathini na moja?"

"Mkuu, siku hizo alikuwa akibonyeza karani, mimi naandika tu." Alimgeukia karani. Karani aliinamia kibodi kana kwamba herufi zimehamishwa. "Na duara ni nyingi kuliko mikasi, mkuu. Hebu hesabu na duara."

"Mama, hapa hatuhesabu duara."

Shukrani ya punda ni mateke, ila punda angalau hapigi mateke kwa kusoma ripoti. Akanyang'anywa ufunguo wa ofisi. Kwa huruma, mkuu alilisema neno hilo mwenyewe, angebaki na kibarua chake, ila cha korido na vyoo.

Jumatatu iliyofuata kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Mama Swichi alifagia korido taratibu, na nisifiche, aliomba kompyuta igome. Igome mbele ya mkuu, wamtafute, wamwite kwa jina lake. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Akamwona karani anawasha swichi ya ukutani, kisha anakaa, mikono amekunja, macho kwenye saa. Juu ya meza palikuwa na karatasi mpya yenye herufi kubwa: MAELEKEZO YA FUNDI. WASHA SWICHI YA UKUTANI. SUBIRI DAKIKA KUMI. NDIPO UBONYEZE.

Boksi halikubadilishwa. Skrubu zilizolishika nyuma ya sanduku, upande uliotazama mlango, zilikuwa na kutu ile ile aliyokuwa akiifuta kila siku. Dakika kumi zilipotimia karani alibonyeza, na kompyuta ikawaka, haikujali ni kidole cha nani.

Baadaye kidogo printa ikalia, karani akatoka na karatasi na pini nne. Hakumtazama usoni.

"Mama, nisaidie kubandika hii ubaoni."

Karatasi ilikuwa bado ina uvuguvugu. Ilitangaza ajira ya kudumu, jina moja. Lilikuwa la mlinzi, yule aliyekuwa akisahau kuzima swichi.

Mama Swichi alilisoma mara mbili. Akachomeka pini ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne aliifumbata mpaka ikamtoboa kiganja, kisha nayo akaichomeka mahali pake, maana karatasi ikipeperuka, atakayeulizwa ni yeye.