Mama Mwenyekiti Anatolewa kwa Kosa la Nyumba Yangu

Admin, naomba jina langu ulifiche kabisa, maana humu ndani wapo majirani zangu na wananisoma kila siku.

Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nimeolewa, nina watoto wawili, ni fundi cherehani na tunaishi huku Chamazi. Majina ya watu nimeyabadilisha. Kama umesikia mtaa fulani wa huku wanataka kumng'oa mwenyekiti wao wa serikali ya mtaa, basi ujue ni kwetu. Na anayestahili kusemwa sio yeye, ni sie.

Masika haya shimo la choo chetu lilijaa. Nikamwambia mume wangu tuite gari la majitaka, akasema tusubiri mvua, tutatapisha kama wanavyofanyaga wengine. Nilijua sio vizuri, lakini harufu ilishanichosha, nikanyamaza. Mvua kubwa ikashuka mchana, akachukua mtaimbo akatoboa shimo kwa pembeni, uchafu ukaondoka na maji ya mvua. Hatukufikiria kwamba kwa chini yetu kuna kisima cha mtaa, na mfuniko wake umepasuka.

Mvua ilivyopungua, nikamwona Mwenyekiti, tunamwita Bi Salma, mama mjane mtu mzima, anapandisha na gambuti zake anafuata ule uchafu mpaka ukutani kwetu. Akamkuta mume wangu anaziba tundu kwa gunia la mchanga.

"Baba Twaha, ndio nini hiki umefanya?"

Mume wangu alipiga magoti kwenye tope, jamani. Mie nilikuwa mlangoni nalia. Bi Salma akatuangalia, akasema, "Watu wakijua leo, hapa hamtalala salama. Zibeni hilo shimo, mjenge jingine. Kisima nakifunga sasa hivi. Nyie sitawataja."

Akaenda akapiga kufuli. Lakini wapo waliokuwa wameshachota. Rafiki yangu Mama Nasri, tunayepakana ukuta, mwanae aliharisha akalazwa, hali ikawa mbaya mpaka tukawa tunasoma dua. Nilikuwa nampelekea uji wodini, ananishika mkono ananiambia, "Shoga, wewe ni ndugu yangu." Nilikuwa natamani ardhi inimeze. Mtoto alipona, Alhamdulillah.

Sasa kisima kikaendelea kufungwa, watu wa kuja kusafisha maji wakawa wanaahidi tu hawaji. Watu wakaanza kununua maji ya boza, lile gari la tangi, na mwenye boza ni shemeji yake Bi Salma. Hapo ndipo maneno yalipozaliwa. Eti kafunga kisima ili shemeji yake auze maji. Kwenye grupu la mtaa anatukanwa asubuhi mpaka jioni, eti mwizi, eti mchawi. Mama Nasri ndiye anaongoza, yeye anaamini mama huyu alijua maji mabovu akachelewa kusema makusudi.

Ukaitishwa mkutano wa wakazi, kwenye uwanja wa shule. Bi Salma akasimamishwa mbele. Mzee mmoja akamuuliza, "Tuambie, hayo maji yaliharibiwa na nini?" Nilikuwa nimekaa na Mama Nasri mstari wa pili. Bi Salma hata hakugeukia upande wangu. Akasema, "Maji hayafai, ndio maana nimefunga. Zaidi ya hapo sina la kusema." Watu wakamzomea. Mtu akasema wasiomtaka wanyooshe mikono. Mama Nasri akanyoosha, akanigeukia, "Shoga, vipi? Au na wewe anakuletea maji ya bure?"

Nikanyoosha mkono. Jamani, nilinyoosha mkono wangu, na Bi Salma akauona.

Mtendaji wa mtaa akasema wakazi waliofika hawatoshi kwa kikao kufanya maamuzi, mkutano urudiwe Jumapili hii. Kila nyumba imeambiwa itoke, na kwa hasira zilizopo, hachomoki.

Juzi nilishindwa kuvumilia, nikaenda kwake. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia vizuri tu, akanipa kigoda. Nikaanza kulia namwomba msamaha. Nikamuuliza kwa nini asiseme tu ukweli ajiokoe.

Akaniambia, "Mwanangu, mie nilisema sitawataja. Sikusema nyie msijitaje."

Akarudi kwenye mchele wake. Nikaaga nikaondoka.

Nilivyomweleza mume wangu, alikuwa mkali. Kasema nikifungua mdomo nichukue nguo zangu nirudi kwetu Mbagala, kwamba yeye hawezi kufungwa wala kuchomewa nyumba kwa ajili ya cheo cha mtu mwingine. "Uenyekiti una mwisho," anasema, "sie tutaishi wapi?" Na mie nawaza wanangu, nawaza wale vijana walivyokuwa wanapiga kelele pale uwanjani. Lakini kila nikikaa kwenye cherehani namwona yule mama amesimama mbele ya watu, kanga yake imelowa jasho, anazomewa na watu aliowazikia wazazi wao.

Leo asubuhi Mama Nasri kanigongea, kaja na mwanae mkononi, amekonda lakini anacheka. Ananiambia Jumapili tuwahi tukakae mbele kabisa, anataka aongee, na anataka mie niwe shahidi wake jinsi mtoto alivyoteseka hospitali. Nikamwambia sawa. Nimejikuta tu nimeshasema sawa.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, nitukaneni nastahili, ila mkimaliza nielekezeni. Nikisimama Jumapili, nyumba yangu imekwisha na rafiki namkosa. Nikikaa kimya, mama wa watu anaondoka na jina la wizi. Mngekuwa nyie ndio mmeitwa kuwa mashahidi, mngesema nini?